Maji Magumu, Samaki Wanaozaa

Kabla ugumu wa maji haujawa habari ya samaki, ulikuwa habari ya sabuni. Aliyewahi kufua kwa maji ya kisima katika vijiji vya maweni, kusini mwa Unguja, anaujua: unasugua, povu halipandi, beseni linabaki na utando. Mwamba wa matumbawe ni chokaa, na mvua inayopenya ndani yake hubeba kalisiamu. Sabuni huikamata kalisiamu hiyo kabla haijaugusa uchafu.

Mwaka 1841 Thomas Clark, profesa wa kemia huko Aberdeen, Scotland, alipata hataza ya kuyalainisha maji kama hayo. Dawa yake ilikuwa kinyume cha matarajio: alitia chokaa kwenye maji yenye chokaa, na yote mawili yakaganda na kuzama chini. Aliweka pia njia ya kupima. Unadondosha maji ya sabuni kwenye chupa ya maji, unatikisa, unahesabu kiasi kilichotumika mpaka povu likae. Kadiri sabuni inavyoliwa, ndivyo ugumu ulivyo mkubwa.

Nchi nyingine zikaweka digrii zao. Maji ya digrii 10 kwa kipimo cha Clark yana takriban miligramu 143 za kalisiamu kaboneti katika lita moja. Kwa kipimo cha Ufaransa ni 100. Kwa cha Ujerumani ni kama 178. Vipimo vilitofautiana, lakini fikra ilikuwa moja. Kalisiamu ilihesabiwa kama hasara: sabuni iliyopotea, birika lililoota ukoko, boila ya mvuke iliyoziba. Hata Kiswahili chetu kinaegemea upande huo. Maji “laini” yanasikika kama baraka, maji “magumu” kama mtihani.

Ufugaji wa samaki majumbani ulikua ndani ya fikra hiyo. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington aliieleza Jumuiya ya Kemia ya London jinsi mimea, konokono na samaki wanavyoweza kuishi pamoja katika chombo kimoja. Mimea hutoa oksijeni, konokono hula majani yanayooza. Hoja yake ilihusu hewa na uchafu. Madini ya maji yenyewe hayakuwa swali lake.

Kisha wakaja samaki wanaozaa watoto hai. Gapi alielezwa kisayansi na Wilhelm Peters mwaka 1859, kutokana na samaki wa Venezuela. Mwaka 1866 Albert Günther wa jumba la makumbusho la Uingereza akampa jina jingine, la kumheshimu Robert John Lechmere Guppy, aliyetuma samaki kutoka Trinidad. Sayansi ililishika jina la Peters. Mtaa ukalishika la Guppy. Mwaka 1914 akaelezwa moli wa pezi kubwa kutoka Yucatán, Mexico, rasi ya mawe ya chokaa ambayo karibu haina mito ya juu ya ardhi. Maji yake huzama na kutokea kwenye mashimo yanayoitwa cenote. Mtu wa maweni angeielewa nchi ile mara moja.

Samaki wa namna hii ameumbika kwenye madini. Samaki wa maji baridi hupoteza chumvi za mwilini kupitia matamvua, na kalisiamu iliyomo majini hupunguza uvujaji huo. Humpa pia sehemu ya kalisiamu ya mifupa yake. Ukimweka moli kwenye maji laini sana, mara nyingi hubana mapezi na kutikisika papo hapo bila kwenda mbele. Wafugaji humpendekezea ugumu wa digrii 15 hadi 30 za Kijerumani. Kiwango hicho kingemkasirisha dobi yeyote.

Mwaka 1936 alielezwa samaki neoni wa Amazon ya juu, mwenye mstari wa buluu unaong’aa. Mayai yake hayaanguliwi vizuri kwenye maji magumu, hivyo wafugaji wake waliyatafuta maji laini. Leo neoni na moli huuzwa meza moja, kwa maelezo yaleyale: maji ya bomba yanatosha. Moli akidhoofika, mnunuzi huambiwa aongeze chumvi. Ushauri huo una chanzo, kwa kuwa moli wengine huishi penye maji ya bahari, na bahari ina kalisiamu na magnesiamu. Chumvi ya jikoni ni sodiamu na kloridi. Haiongezi ugumu hata digrii moja.

Miaka ya 1940, Gerold Schwarzenbach wa Zürich alionyesha njia ya kupima ugumu kwa kemikali inayozinasa kalisiamu na magnesiamu, huku rangi ikigeuka kutoka nyekundu hadi buluu. Vichupa vya matone vya wafugaji wa leo vinafuata kanuni hiyo. Karibu karne nzima baada ya Clark, kipimo kile kikaanza kusomwa kwa macho mengine: badala ya kuuliza kuna kalisiamu kiasi gani ya kuondoa, mfugaji wa moli anauliza kama ipo ya kutosha. Samaki anayeitwa dhaifu dukani huenda ana kasoro moja tu, nayo ni kuwekwa kwenye maji yaliyotengenezwa kwa ajili ya sabuni.