SEHEMU YA 7: Vichekesho vilivyofundisha watoto kusoma

Wengi mmenifuata inboksi: "Sista, wangu yuko darasa la tatu na kusoma bado, nifanyeje?" Jibu langu linaanzia mbali kidogo, Marekani.

Mwaka 1969 Joan Ganz Cooney na wenzake walileta Sesame Street kwa watoto ambao hawajaanza shule. Wakabaki wale wa miaka 7 hadi 10, wako darasani lakini herufi hazijakaa. Mtoto wa umri huo ana aibu jamani. Kitabu cha wadogo anakiona cha kitoto, cha wakubwa kinamshinda, wenzake wanacheka. Mwisho anaamua bora anyamaze.

Basi Oktoba 25, 1971 ikaanza The Electric Company: vichekesho vifupi vifupi, nyimbo na katuni. Rita Moreno, tayari ana tuzo ya Oscar, alikubali kujichekesha mbele ya watoto. Morgan Freeman, kabla hajawa staa wa sinema, alikuwa Easy Reader, jamaa anayesoma kila maandishi anayokutana nayo. Kulikuwa na vivuli vya nyuso mbili: mmoja anatamka mwanzo wa neno, mwingine anamalizia, kisha wanalitamka pamoja. Mwaka 1974 akaingia Spider-Man ambaye haongei kabisa. Maneno yake yanaandikwa juu ya kichwa. Unataka kujua kasema nini? Soma!

Watafiti walipowapima, watoto waliokitazama darasani pamoja na mwalimu walisoma vizuri kuliko ambao hawakukitazama. Hilo "pamoja na mwalimu" liweke akilini.

Vipindi vipya viliisha 1977, vikiwa 780, marudio yakaendelea hadi 1985. Mwaka 2009 kikarudi na vijana wapya na hip hop, Lin-Manuel Miranda akiwa mmoja wa watunzi wa nyimbo, kikaenda hadi 2011. Safari hii walikazia pia msamiati, maana mtoto anaweza kutamka neno asijue maana yake.

Sasa nesi na televisheni wapi na wapi? Nikimwomba mama anisomee kipimo kwenye chupa ya dawa, wapo wanaotabasamu na kusema wamesahau miwani. Ni aibu ileile ya darasa la tatu, imekua naye. Na dozi ikikosewa anayeumia ni mtoto.

Kwa hiyo kesho usimcheke, cheka naye. Chukua karatasi ya sabuni, funika neno, fungua kidogo kidogo: sa, bu, ni. Wewe sema mwanzo, yeye amalizie, kisha semeni pamoja. Dakika 10 zinatosha, ila ukae naye, TV peke yake haitoshi. Ukiona wiki zinapita bila mabadiliko, mlete tupime macho na masikio. Huenda sio uvivu, haoni ubao.

Sehemu ya 8 inakuja. Usiku mwema.