Wavu wa Ukokotozi

Mhandisi anapotaka kujua Mto Kanoni utapanda hadi wapi mvua kubwa ikinyesha Bukoba, kompyuta yake haiwezi kufuatilia kila tone. Programu huigawa ardhi katika vipande vidogo, kisha kwa kila kipande huuliza: maji yaliyoingia ni kiasi gani, yaliyotoka ni kiasi gani, na kina sasa kimefika wapi? Vipande hivyo, vilivyoshikamana bila kupandana wala kuacha pengo, wataalamu wetu wengi huviita meshi. Napendekeza tuseme wavu wa ukokotozi, na sehemu zake tuziite kwa majina ya wavuvi.

Wapo wanaopendelea gridi. Kwa mkazi wa kata ya Ijuganyondo, Bukoba, neno hilo limeshashikwa na umeme: Kagera imepata umeme kutoka Uganda kwa miaka mingi, na kuungwa na gridi ya taifa ni habari inayojadiliwa sana mkoani. Mwambie diwani kwamba gridi ya mto ina kasoro, atawaza nguzo na nyaya. Tena gridi huleta picha ya miraba iliyopangwa sawasawa, ilhali programu za leo huchanganya pembetatu, pembenne na maumbo yenye pande nyingi zaidi. HEC-RAS, inayotolewa bure na Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani, hukubali kipande chenye hadi pande 8.

Wavu hauna shida hiyo. Nenda mwalo wowote wa Ziwa Victoria, utasikia habari za nyuzi, mafundo na macho; nyavu zenye macho madogo ni jambo ambalo maofisa uvuvi na wavuvi wamebishania miaka nenda rudi. Basi fundo ni nukta yenye mahali pake juu ya ramani. Uzi ni mstari unaounganisha mafundo mawili. Jicho ni eneo lililozungukwa na nyuzi, na katika programu nyingi ndipo hesabu ya maji inapowekwa. Maji hutoka jicho moja kwenda jingine kwa kuvuka uzi. Neno meshi hutumika mara kwa wavu mzima, mara kwa jicho moja, na hapo ndipo wanafunzi wanapochanganyikiwa. Kiswahili kimekwisha kuvitenga.

Kazi ya kurekebisha wavu, wengine huiita kuhariri. Si kosa, lakini naona kushona kunaieleza vizuri zaidi, maana ndicho kinachofanyika: fundo linasogezwa, uzi unaongezwa, jicho bovu linaondolewa na pengo lake kuzibwa. Programu huria ya QGIS imeruhusu kazi hiyo tangu toleo la 3.22 la mwaka 2021, kwa hiyo hata ofisi isiyo na fedha za leseni inaweza kuifanya.

Kwa nini ushonaji huu uchukue siku nyingi? Chukua tuta la barabara linalokatiza bonde. Tuta huzuia maji. Ikiwa limepita katikati ya jicho badala ya kufuata uzi, programu nyingi hazitaliona, na maji ya kwenye ramani yatapita kana kwamba barabara haipo. Mshonaji analazimika kuchora mstari juu ya tuta na kuzilazimisha nyuzi ziufuate. Kisha kuna kalavati chini ya barabara ileile. Likisahaulika, tuta linageuka bwawa, na nyumba za upande wa juu zinazama kwenye kompyuta bila sababu.

Mtu atasema: tufanye macho yawe madogo kila mahali, tumalize. Tupige hesabu. Eneo la kilomita za mraba 10 likigawanywa kwa macho ya mita 10 kwa 10, ni macho 100,000. Kwa macho ya mita 2 kwa 2, ni 2,500,000, yaani mara 25. Na si hayo tu: mwaka 1928 wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy walionyesha kwamba katika aina fulani ya ukokotozi, hatua ya muda, yaani kipindi kati ya hesabu moja na inayofuata, isizidi muda wa wimbi kuvuka jicho moja. Wimbi la mita 5 kwa sekunde huvuka mita 10 kwa sekunde 2, na mita 2 kwa sekunde 0.4. Hatua zinaongezeka mara 5, na kazi yote mara 125. Ndiyo maana macho madogo huwekwa mtoni, kwenye madaraja na penye nyumba, na mashamba ya migomba mlimani yakaachiwa macho makubwa. Badiliko kati ya madogo na makubwa liwe la polepole, na pembetatu zisiwe na ncha kali, la sivyo makosa ya hesabu huongezeka.

Bukoba ina sababu ya kujali. Hupata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dodoma. Kanoni unaishia ziwani, na ziwa lenyewe hupanda: Mei 2020 kipimo cha kimo cha ziwa huko Jinja, Uganda, kilifika mita 13.42, kikapita kidogo rekodi ya mwaka 1964. Wavu unaoishia ufukweni lazima upewe kimo cha ziwa, kwa sababu ziwa likijaa mto hukosa pa kumwaga.

Kwa hiyo ramani ya mafuriko ikiletwa kwenye mkutano wa kata, Ijuganyondo au kwingineko, msiangalie rangi ya bluu peke yake. Ombeni muonyeshwe wavu. Ulizeni macho yana ukubwa gani mtoni, kama nyuzi zimefuata barabara, na kila kalavati mnalolijua liko wapi. Mtaalamu aliyeshona vizuri atawajibu papo hapo.