Karte iko mkononi, lakini jina liko mu ordinatere?

Kwetu Maniema, kuanzia Kindu mpaka Kama, karte ya mpiga kura si ya siku ya kura tu. Ndiyo papie unayoonyesha kwenye bariera, kwenye banki, na unapotafuta namba mpya ya simu. Sheria ya tarehe 24 Desemba 2004 ilisema ishike nafasi ya kitambulisho kwa muda, na muda huo umekuwa murefu kweli. Hesabu ya mwisho ya raia wote wa inchi ilifanyika 1984. Ndiyo maana swali la kujua kama jina lako limo ao halimo mu daftari ya CENI si mchezo wa watu wa ordinatere peke yao.

Jambo la kwanza la kuelewa: karte na jina lako mu daftari ni vitu viwili. Mu Februari 2023, wakati uandikishaji ulipofika Maniema na majimbo mengine ya mashariki, mashini ya kituo ilipiga picha, ikachukua alama za vidole na kutoa karte palepale. Lakini mashini ile haikuwa inaongea na Kinshasa saa ileile. Iliweka habari ndani yake, kisha zikasafirishwa. Kule ndiko swali la kweli lilikoulizwa: mtu huyu tayari yuko? Aliyejiandikisha Kama, kisha akarudilia Kindu, aliweza kutembea na karte mbili, zote nzuri kwa macho, lakini alama za vidole zikilinganishwa anajulikana. Kabla ya uchaguzi wa 2018, CENI ilifuta kwa njia hiyo majina zaidi ya milioni 5 yaliyoandikwa zaidi ya mara moja, na kubakiza wapiga kura zaidi kidogo ya milioni 40. Hata hivyo, ukaguzi wa shirika la inchi zinazosema Kifaransa ulionyesha kwamba asilimia 16.6 ya waliobaki hawakuwa na alama za vidole mu daftari. Hapo mashini inalinganisha na nini?

Kinyume chake pia kiko. Karte nyingi za 2023 zilififia mpaka picha na maandishi vikapotea, watu wakalazimika kuomba karte nyingine. Wino ulipotea, lakini mstari wao mu hifadhidata haukuguswa.

Sasa, ukurasa wa intaneti unaangalia namna gani? Hifadhidata ni kama daftari yenye mistari, kila mtu na mstari wake. Ukiandika namba na kubonyeza, skripti, yaani maagizo mafupi yanayokaa kwenye ordinatere ya mbali, inaipeleka hifadhidata swali moja dogo. Kwa vijana wanaojifunza kazi hii, swali lenyewe linafanana hivi:

SELECT 1 FROM wapiga_kura WHERE namba = ? LIMIT 1

Maana yake: nitafutie mstari wenye namba hii, ukiupata mmoja, simama. Haiombi jina, haiombi umri. Alama ile ya kuuliza si pambo: namba ya mgeni inaingia pale peke yake, isichanganyike na agizo. Fundi anayegandisha maneno ya mgeni moja kwa moja ndani ya agizo anamfungulia mwizi mulango.

Majibu ya skripti iliyotengenezwa vizuri ni matatu, si mawili: iko, haiko, na sikuweza kuuliza. Hili la tatu ndilo mafundi wengi wanalisahau, na kwa sisi wenye rezo ya kuja na kwenda ndilo la maana zaidi. Hifadhidata isipojibu, skripti mbaya inaona ukimya na kuandika «haiko». Mama anarudi nyumbani akijua amefutwa, kumbe ni laini iliyokatika. Ukiona «haiko», rudilia saa ingine, kisha tazama ulichoandika. Sifuri na herufi O havifanani kwa mashini. Jina nalo ni taabu zaidi: kwa hifadhidata, Asumani na Assumani ni watu wawili, na Ramazani si Ramadhani. Ndiyo sababu kuuliza kwa namba ni bora kuliko kuuliza kwa jina.

Kuna mtego mwingine, wa upande wa kuandika. Makarani wawili, mmoja kila biro, wanauliza habari ya mtu mmoja kwa sekunde ileile. Wote wanajibiwa «haiko», wote wanaandika, na sasa mistari ni miwili. Kuuliza kwanza hakutoshi. Dawa ni kuiwekea hifadhidata yenyewe katazo kwamba namba hii isiingie mara mbili, ili karani wa pili akataliwe hata kama alijibiwa vizuri. Katazo hilo linasaidia tu pale mashini zote zinapoandika mu daftari moja. Mashini iliyo peke yake Kama, bila rezo, haina wa kumkataza.

Kenya, kabla ya uchaguzi wa 2017, mpiga kura aliweza kutuma namba ya kitambulisho chake kwa SMS kwenda 70000 akajibiwa kama ameandikishwa, hata kwa simu ndogo isiyo na intaneti. Ni swali lilelile, limepita njia ingine tu. Hatari yake nayo ni ileile: mwenye namba yako anaweza kuuliza habari yako. Kwa hiyo usimpe kila anayejitolea «kukuangalilia» namba yako pamoja na picha ya karte.

Kwa asiye na simu wala mega, bado orodha hubandikwa kwenye kituo mbele ya kura. Nenda na karte, linganisha namba na jina herufi kwa herufi, na kama kuna kosa, liseme pale pale kituoni kabla siku ya kura haijafika.