Bao moja, bao zima

Haya wadau, leo tuachane na siasa kidogo. Mtangazaji wa mpira akipiga kelele "baooo!" sote tunaelewa kwamba kuna timu imefungwa. Je, umewahi kujiuliza neno hilo limetoka wapi? Mimi nalitafuta barazani, kwenye ubao wenye mashimo 32 na kete 64. Ajabu ni kwamba ndani ya mchezo wenyewe wa bao hakuna pointi hata moja!

Ngoja nieleze, maana vijana wengi wa mjini tunawapita tu wazee wakicheza. Kila mchezaji ana safu mbili za mashimo manane manane, na kete 32. Katika bao la Kiswahili unaanza na kete 10 ubaoni: 6 kwenye nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya pembeni yake. Kete 22 zinabaki mkononi, unaziingiza moja moja. Hiyo ndiyo namua. Zikiisha mnaingia mtaji, mnacheza na zilizomo ubaoni tu.

Sasa sikiliza. Ukila kete za mwenzako huziweki pembeni ukazihesabu. Unazipanda upande wako zinaendelea kucheza, na zamu ijayo anaweza kuzila zote. Kwa hiyo wingi wa kete si ushindi. Safu yako ya mbele ikibaki tupu umefungwa, hata kama safu ya nyuma imejaa pomoni! Ukikosa pa kucheza, umefungwa vilevile. Na ukimalizwa ukiwa bado na kete za namua, hiyo ndiyo mkononi, jiandae kutaniwa mpaka jioni.

Kinachohesabiwa ni mchezo mzima. Umeshinda? Una bao 1. Mnapanga upya, mnaanza tena. Nadhani mpira uliazima neno hapo.

Sasa twende Tabora. Mji huu ulikuwa njia panda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Burton na Speke walifika hapo, enzi hizo wageni wakipaita Kazeh, mwaka 1857. Mizigo mingi ilibebwa na wapagazi wa Kinyamwezi, na Kiswahili kilisafiri nao miaka mingi kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Kwa sababu hiyo wengi hudhani bao nalo lilitoka pwani, bara wakafundishwa.

Mimi sikubali kirahisi hivyo. Wasukuma, ndugu na majirani wa Wanyamwezi, wana isolo. Rwanda wana igisoro. Buganda wana omweso. Zote zina ubao wa safu nne, na hakuna hata moja iliyobeba jina la pwani. Kama watu hawa wangefundishwa na misafara, si wangeuita bao? Isolo na igisoro ni majina yanayofanana yenyewe kwa yenyewe, wala hayafanani na la pwani. Kwangu mimi hiyo ni dalili kwamba bara walikuwa na hesabu yao ya kete, na njia ya misafara iliwakutanisha wachezaji wa pande zote mbili.

Kwa hiyo mdau, ukienda likizo kijijini mwulize babu mambo mawili: mchezo huu kwenu unaitwaje, na mtu anahesabiwa ameshinda lini? Majibu hayo hayamo katika vitabu vyetu vya historia, na wanaoyajua wanazidi kupungua.