Santuri za Barabara Kuu: Biashara ya Muziki Iringa na Mbeya

Wanaoandika historia ya muziki wa Tanzania wamezoea kuanzia pwani na mara nyingi hubakia hukohuko, ingawa biashara ya santuri ina sura yake ya pekee katika Nyanda za Juu Kusini. Santuri ni jina ambalo Kiswahili kiliazima kutoka kwenye ala ya nyuzi ya Waajemi na kuipa gramafoni, na hatimaye sahani yenyewe inayochezwa juu yake. Sahani hizo zilifika Iringa na Mbeya kwa Barabara Kuu ya Kaskazini, ambayo Waingereza walikusudia iunganishe Cape Town na Cairo, na ambayo ilipita Tunduma, Mbeya, Iringa na Dodoma kabla ya kuelekea Arusha na Nairobi. Barabara ilikuwa moja, lakini muziki uliingia kutoka pande zake zote mbili, na hilo ndilo lililoyatofautisha maduka ya ukanda huu na yale ya Dar es Salaam au Tanga.

Upande wa kaskazini ndio unaojulikana zaidi. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya Gramophone ya Uingereza, ambayo nembo yake ya HMV ilionyesha mbwa akisikiliza pembe ya gramafoni, na mauzo ya nyimbo hizo yaliwashawishi washindani wa kampuni hiyo kulitazama soko la Kiswahili kwa macho mapya. Kuanzia mwaka 1933 kampuni hiyohiyo ilitoa mfululizo wa GV, yaani santuri za muziki wa Kuba na nchi jirani zake, ambazo zilienea Afrika nzima na kuwafundisha vijana wa mijini mapigo ya rumba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Nairobi na Mombasa zikawa na kampuni zake zenyewe: nembo ya Jambo ilitoka Nairobi, na nembo ya Mzuri ilimilikiwa na duka la Assanand & Sons la Mombasa, lililotoa nyimbo za Salum Abdallah na Cuban Marimba Band ya Morogoro.

Upande wa kusini umeandikwa kidogo mno, pengine kwa sababu mizigo yake haikupitia kwa wakala yeyote. Wanaume wengi wa Rungwe na wilaya jirani walikwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na wengine waliandikishwa na Wenela, shirika lililokusanya wafanyakazi kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, hadi uandikishaji huo ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliyemaliza mkataba alirudi na mablanketi, baiskeli au cherehani, na aliyebahatika alirudi na gramafoni pamoja na sahani za Johannesburg. Miongoni mwa sahani za Gallotone, nembo ya huko, zilikuwamo nyimbo za Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga aliyerekodiwa na Hugh Tracey mjini Jadotville mwaka 1952. Kwa kuwa aliimba Kiswahili cha Katanga, mnunuzi wa Mbeya hakuhitaji mkalimani, ingawa huenda baadhi ya maneno yalimchekesha.

Duka lililouza bidhaa hii kwa nadra sana lilikuwa duka la santuri peke yake. Katika miji ya bara, Mbeya iliyokuzwa na dhahabu ya Lupa katika miaka ya 1930 ikiwa mmojawapo, santuri ziliuzwa na wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya India, waliouza pia vitambaa, taa na vipuri vya baiskeli. Sahani ya zamani, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilitengenezwa kwa shelaki, yaani utomvu mgumu wa wadudu wa Asia uliochanganywa na unga wa mawe. Ilibeba takriban dakika tatu za muziki kwa kila upande, na ikianguka ilivunjika kama kigae, jambo lisilo dogo kwa mzigo uliosafiri siku kadhaa juu ya barabara ya vumbi na makorongo. Sindano ya chuma ilipaswa kubadilishwa karibu kila baada ya upande mmoja, na ndiyo maana sindano ziliuzwa kwa mamia katika vikopo vya bati vinavyotosha kiganjani, ambavyo kwa mwenye duka vilikuwa na faida ya kumrudisha mteja hata pale asipokuwa na fedha ya sahani mpya. Mnunuzi hakuchagua kwa kusoma bali kwa kusikiliza: sahani iliwekwa juu ya mashine kaunteni, ikapigwa, na waliosimama barazani bila nia ya kununua chochote walipata muziki wao bure.

Sahani ndogo ya vinili, aina ya plastiki isiyovunjika kirahisi, iliyozunguka mara 45 kwa dakika, ilishika soko katika miaka ya 1960. Upana wake ulikuwa inchi saba, nao ulileta tatizo kwa bendi za dansi zilizopenda kuurefusha wimbo, kwa hiyo wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili: mashairi yalimalizikia upande wa kwanza, na magitaa ya kuchezea yakafuata upande wa pili, huku wachezaji wakisubiri sahani igeuzwe. Mbaraka Mwinshehe, aliyeng'ara na Morogoro Jazz kabla ya kuunda Super Volcano, aliuza sana kwa mtindo huu. Morogoro haiko mbali na Iringa zaidi ya kilomita 300 na ushei, lakini sahani yake ilizalishwa Nairobi, hivyo wimbo uliotungwa jirani ulivuka mpaka mara mbili kabla ya kufika kwa mnunuzi wa Iringa.

Mzunguko huo ndio uliokuwa udhaifu wa biashara nzima, kwani Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyochukua jina hilo mwaka 1965, ilirekodi bendi nyingi, lakini kanda zake zilikuwa za kurushwa hewani na hazikuuzwa dukani. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ilikabidhiwa baadaye usambazaji wa santuri, na mpango wa kujenga kiwanda haukufika mwisho. Mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, mpaka wa Kenya ulifungwa na haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, iliipatia Mbeya njia mpya ya kwenda Zambia, lakini fedha za kigeni zilikuwa haba na bidhaa ya anasa haikupewa kipaumbele, uamuzi ambao ni vigumu kuulaumu katika nchi iliyokuwa ikikosa hata sabuni.

Kaseti ndiyo iliyoshika nafasi iliyoachwa wazi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Iringa ilikuwa na bendi ya kujivunia, Tancut Almasi Orchestra, iliyomilikiwa na kiwanda cha serikali cha kukata almasi na iliyovumishwa na waimbaji pacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, na umaarufu wake ulienezwa na redio. Shabiki aliutega wimbo hewani akiwa na kidole kwenye kitufe cha kurekodi, au alimlipa kijana mwenye redio ya kaseti mbili amnakilie, majina ya nyimbo yakiandikwa kwa kalamu ya wino juu ya karatasi ya jalada. Sindano za chuma hazikuhitajika tena. Kilichohitajika ni penseli ya kuzungushia kaseti, ili betri zisiishe kabla ya wimbo kurudi mwanzo.