Kwa nini data mpya huwepo lakini haionekani kwenye ukurasa?

Mhudumu wa zahanati amefungua rekodi ya mgonjwa kwenye kompyuta. Upande mmoja wa ukurasa anajaza kwamba mgonjwa ana mzio, yaani aleji, wa penisilini. Upande wa pili, ule anaousoma daktari, hakuna kilichobadilika. Wala hakuna ujumbe wa hitilafu.

Tatizo la aina hii linafahamika kwa wanaotumia Vue, mfumo wa JavaScript wa kutengenezea kurasa, ulioanzishwa na Evan You na kutoka mwaka 2014. Ukurasa hujengwa kwa vipande, na vipande viwili vinaweza kutumia rekodi ile ile.

Katika toleo la 2, la mwaka 2016, kipande kinapoanza mfumo hupitia sifa zote za rekodi: jina, umri, namba ya faili. Kila moja huwekewa mlinzi. Thamani ikibadilika, mlinzi hutoa taarifa na vipande vinavyoitumia hujichora upya. Sasa ukiandika baadaye mgonjwa.mzio = 'penisilini', na sifa hiyo haikuwepo mwanzoni, inaingia bila mlinzi. Imo kwenye kumbukumbu, hata kipande cha pili kinaweza kuisoma, ila hakuna aliyekiambia kisome tena. Ndiyo maana kasoro hii huchosha kuitafuta: ukiichapisha rekodi kwenye konsoli ya kivinjari, mzio unauona. Wakati mwingine ukirekebisha jina tu, mzio nao unajitokeza ghafla!

Dawa bora, kwa maoni yangu, ni kuitaja sifa tangu mwanzo hata kama bado haina kitu: mzio: null. Kama jina la sifa halijulikani mapema, tumia Vue.set(mgonjwa, 'mzio', 'penisilini'), au weka rekodi mpya mahali pa ile ya zamani. Lakini kipande kilichopewa rekodi na kipande mama kisiibadilishe chenyewe. Kitume taarifa juu, mwenye rekodi ndiye abadilishe.

Toleo la 3, la mwaka 2020, limeweka mlinzi mmoja mlangoni badala ya mmoja kwa kila sifa. Linatumia Proxy, nyenzo iliyoingia rasmi katika JavaScript mwaka 2015, ambayo Internet Explorer haikuwahi kuielewa. Sifa mpya ikipitia mlangoni, inaonekana. Ukiiandikia rekodi ya asili kwa mlango wa nyuma, uko pale pale.

Vue 2 iliacha kuhudumiwa tarehe 31 Desemba 2023. Kujua mradi wako unatumia toleo gani, angalia faili la package.json.