Kalamu ya Mgonjwa: Wanawake wa Kihispania na Haki ya Kusimulia Miili Yao

Mwaka 1481 mnakili aitwaye Pero López del Trigo alimaliza kunakili vitabu viwili vya mtawa wa Kastilia. Nakala hiyo ndiyo pekee iliyosalimika, na ipo hadi leo katika maktaba ya El Escorial, karibu na Madrid. Mwandishi wa vitabu hivyo, Teresa de Cartagena, alikuwa kiziwi. Hakuzaliwa hivyo. Usikivu ulimtoka angali kijana, na alipoandika kitabu chake cha kwanza, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa ametimiza miaka 20 katika hali hiyo.

Ukoo wake haukuwa mdogo. Babu yake, Salomon ha-Levi, alikuwa rabi wa Burgos aliyebatizwa akaitwa Pablo de Santa María, na hatimaye akawa askofu wa mji uleule. Alonso, ndugu wa baba yake Teresa, akarithi kiti hicho. Kwa hiyo vitabu havikuwa vitu vigeni nyumbani kwao. Ila mwanamke, mtawa, mjukuu wa Myahudi aliyebatizwa, tena kiziwi, hakuwa mtu ambaye wasomi wa Kastilia walitarajia awafundishe jambo.

Kitabu hicho cha kwanza kinaitwa *Arboleda de los enfermos*, yaani kichaka cha miti ya wagonjwa. Humo Teresa anajichora kama mtu aliyetupwa kwenye kisiwa kisicho na wakazi, akaamua kukipanda miti. Miti yenyewe ni vitabu vya mashauri mema. Hoja yake kuu ni ya kidini: Mungu amemziba masikio ili kelele za dunia zisimfikie. Msomaji wa leo anaweza kuguna hapo, hasa mwenye ulemavu aliyechoka kuambiwa kwamba hali yake ni baraka iliyojificha. Lakini katikati ya mahubiri hayo kuna kitu kingine kabisa: maelezo ya kiziwi aliyekaa kati ya watu wanaozungumza, akawa mpweke kuliko alivyokuwa chumbani peke yake. Hayo hakuyatoa katika kitabu cha padri yeyote.

Na hilo ndilo waliloshindwa kulisadiki waliomsoma. Walishangaa, wakadai amenakili kazi za wanaume. Akajibu kwa kitabu cha pili, *Admiraçión operum Dey*, alichomwandikia Juana de Mendoza, mke wa mshairi Gómez Manrique. Jibu lake lina ukali uliovikwa unyenyekevu. Anayestaajabu kuona mwanamke anaandika, asema, anautilia shaka uwezo wa Mungu, maana aliyempa mwanamume akili hashindwi kumpa mwanamke. Tena Judithi wa Biblia alishika upanga. Kushika kalamu kuna ugumu gani? Wanahistoria wengi huutaja utetezi huu kuwa wa kwanza wa aina yake kwa Kihispania. Mimi naona uzito wake uko katika mgogoro aliouanzisha, ambao haujaisha: mwili unaougua ni wangu, basi nani atakayeaminiwa akiusimulia?

Teresa wa Ávila, ambaye Wakatoliki wa Afrika Mashariki humkumbuka kila tarehe 15 Oktoba, aliukuta mgogoro huo katika sura nyingine. Alizaliwa 1515. Akiwa mtawa kijana alipelekwa kijiji cha Becedas kwa mganga wa kienyeji, mwanamke ambaye dawa zake za kuharisha zilikaribia kumuua. Mwaka 1539 alizimia siku nne. Kaburi likachimbwa, nta ikadondoshwa kwenye kope zake. Alipozinduka hakuweza kutembea, na kupooza kwake kulichukua karibu miaka mitatu. Tunayajua hayo kwa sababu waungamishi wake walimwagiza aandike maisha yake, na waungamishi haohao ndio waliokuwa wasomaji na wakaguzi wake. Kitabu kilichapishwa 1588, miaka sita baada ya kifo chake. Karne tatu baadaye wakaguzi walivaa makoti ya udaktari: Josef Breuer wa Vienna, katika kitabu cha 1895 alichoandika na Freud, alimwita mtakatifu msimamizi wa histeria. Alikiri papo hapo kwamba Teresa alikuwa mwanamke wa kipaji na mtendaji hodari, na ni lazima akiri, kwani yule mgonjwa alianzisha monasteri 17.

Huko Mexico, Sor Juana Inés de la Cruz aligusa ugonjwa kwa kicheko cha pembeni. Katika barua yake ya utetezi ya 1691 anasimulia jinsi madaktari walivyomkataza kusoma kwa sababu ya maradhi ya tumbo, naye akawaeleza kwamba akinyimwa vitabu mawazo yake humchosha zaidi. Wakamruhusu. Alifariki 1695 kwa tauni, akiwauguza watawa wenzake.

Karne ya 19 ilijaa wanawake wagonjwa, lakini wengi wao waliumbwa na wanaume. Katika *María* (1867) ya Jorge Isaacs wa Kolombia, msichana mwenye kifafa anakufa akiwa mzuri vilevile. Katika *Tristana* (1892) ya Benito Pérez Galdós, binti anayetaka kujitegemea anakatwa mguu, na ndoto zake zote zinakatika nao. Emilia Pardo Bazán, mwandishi mwenzake Galdós, alilalamika mwaka uleule kwamba riwaya iliahidi kisa cha mwanamke anayetafuta uhuru, kisha ikakiacha njiani. Alikuwa na haki. Ulemavu hapo ni mlango wa kumtolea mhusika ambaye mwandishi hakujua amfanyie nini.

Mlango huo ulifunguliwa upya mwaka 1979, kwa kidole cha mguu. Gabriela Brimmer alizaliwa Mexico mwaka 1947, mtoto wa Wayahudi waliokimbia Ulaya ya Wanazi. Alikuwa na mtindio wa ubongo. Hakuweza kutamka maneno wala kutumia mikono, ila mguu wake wa kushoto ulimtii. Kwa mguu huo alionyesha herufi ubaoni na kupiga taipu. Yaya wake, Florencia, alizisoma herufi hizo kwa sauti na kumfuata hadi darasani. Kitabu *Gaby Brimmer* kilipangwa na mwanahabari mashuhuri Elena Poniatowska, na kina sauti tatu: Gaby, mama yake Sari, na Florencia.

Hapa wahakiki wamevutana sana. Kitabu ni cha nani: aliyekiishi, aliyekipanga, au yaya ambaye bila yeye mazungumzo yasingefika popote? Kwangu mimi nguvu yake iko hasa pale sauti hizo zinapopingana. Mama ana huzuni ambayo binti haitaki. Yaya anajua mambo ya mwili ambayo mama hayajui, na bado analipwa mshahara. Filamu ya 1987 kuhusu Gaby iliyatuliza hayo yote, na aliyependekezwa kupata tuzo ya Oscar ni Norma Aleandro, aliyeigiza nafasi ya yaya. Gaby alitoa vitabu vingine kwa jina lake, na mwaka 1989 akaanzisha chama cha kutetea haki za watu wenye ulemavu wa viungo. Alifariki mwaka 2000.

María Luisa Puga ana uhusiano nasi. Mmexico huyu, aliyezaliwa Acapulco mwaka 1944, aliishi Nairobi miaka ya sabini, na riwaya yake ya kwanza, *Las posibilidades del odio* (1978), inahusu Kenya na chuki iliyopandwa na ukoloni. Huko Mexico ilimpatia jina. Kwetu wachache wameisikia. Miaka mingi baadaye, akiishi kando ya ziwa Zirahuén katika jimbo la Michoacán, alishikwa na baridi yabisi ya viungo. *Diario del dolor* (2004) ina vipande 100 vifupi, na ndani yake Maumivu ni mhusika. Puga humsemesha, humkaripia, humzoea kama mpangaji asiyehama, na hamtafutii maana ya kiroho. Ukitoka kwa Teresa de Cartagena ukaingia humo, umbali huo unausikia. Alifariki Desemba mwaka huohuo.

Waandishi wa leo wana hasira zaidi. Katika *Sangre en el ojo* (2012), Lina Meruane wa Chile anamleta mhusika mwenye jina lake ambaye macho yake yanajaa damu akiwa kwenye sherehe huko New York; badala ya kuomba huruma anamtaka mpenzi wake ampe jicho. Cristina Morales wa Granada, katika *Lectura fácil* (2018), anawaweka wanawake wanne wenye ulemavu wa akili katika nyumba inayosimamiwa na serikali mjini Barcelona. Mmoja anaandika riwaya kwa WhatsApp, mwingine anatoa ushahidi mbele ya hakimu, kwa kuwa mahakama inaombwa iruhusu mmoja wao, Marga, afungwe kizazi. Hispania ilipiga marufuku ufungaji wa lazima wa kizazi Desemba 2020, miaka miwili baada ya riwaya kutoka. Marga mwenyewe hapewi sura ya kusimulia: tunamsikia kupitia kumbukumbu za vikao zilizoandikwa na wengine.